Taa ya chek injini imewaka, kodi P0171. Gereji wanasema sensa ya oksijeni, mi nasema kuna upepo unaingia pasipotakiwa

Kibaha_Njia_Nne

Wakuu habari za muda huu. Nina IST ya 2004, cc 1300. Taa ya chek injini iliwaka nikaipeleka gereji, wakachomeka mashine ikatoa P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi na mafuta kidogo. Fundi kuona hivyo tu akasema sensa ya oksijeni imekufa, nikanunua nyingine laki na themanini, ikafungwa, taa ikafutwa. Baada ya siku chache imerudi, kodi ile ile!

Dalili zake: asubuhi ikiwa ya baridi sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) inapanda inashuka, na kwenye foleni ya Kimara nikiwa na AC gari inatikisika kama inataka kuzima. Ikishaanza kukimbia huko mbele inatulia kabisa huwezi kujua kama ina tatizo. Mi naamini hapa kuna upepo unaingia sehemu. Waliopitia hii tusaidiane, na mnieleze kama sensa ilikuwa na kosa lolote maana hela imeshaenda.

Dereva_Mkongwe

Pole mkuu. Chomoa betri dakika kumi rudisha, mambo kwisha.

Mzee_wa_Bisibisi

Dereva_Mkongwe usimpotoshe mwenzio. Ukichomoa betri unafuta kodi na unafuta pia kila kitu ambacho kompyuta ya gari ilishajifunza, tatizo linabaki palepale. P0171 haiwaki mara ya kwanza ikionekana, kompyuta inaiona safari ya kwanza inakaa nayo kimya, ikiiona tena safari ya pili ndio inawasha taa. Kwa hiyo ukifuta unaendesha siku mbili tatu unafurahi umepona, kumbe inahesabu tu.

Mleta uzi nikwambie kitu ambacho mafundi wengi hawataki kukisikia: kodi haitaji spea. P0171 inasema hivi, mimi kompyuta nimeongeza mafuta nimeongeza nimeongeza na bado sensa ya oksijeni inaniambia hewa imezidi, nimefika mwisho wa ninachoweza. Basi. Sensa ndio iliyoleta taarifa, wewe umemtoa mtoa taarifa. Walikuonyesha trimu za mafuta, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza?

Kibaha_Njia_Nne

Nilipiga picha ile skrini ya mashine. Trimu ya muda mrefu +22 kwenye sailensi. Ya muda mfupi ilikuwa inachezacheza +3 mpaka +6. Hiyo ni mbaya?

Mzee_wa_Bisibisi

Mbaya. Gari nzima inacheza karibu na sifuri, ikienda 5 au 8 juu au chini hakuna anayejali, ikipita 10 unaanza kutafuta. Jumla yako ni 25 na zaidi, lazima taa iwake. Sasa nataka namba moja tu: shikilia RPM (mizunguko ya injini) 2500 kwa dakika moja hivi, injini ikiwa imeshapata moto, uangalie trimu zinafanyaje.

Zikishuka kuja kwenye 5 huko, ni upepo unaingia baada ya mita ya hewa, ile sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Sababu ni kwamba ufa ni ule ule haukui. Kwenye sailensi injini inavuta hewa kidogo mno, karibu gramu 2 kwa sekunde kwa injini kama hiyo, kwa hiyo hewa ya kwenye ufa inakuwa sehemu kubwa ya hewa yote. Ukikanyaga, throto (mlango wa hewa) imefunguka, hewa halali inaingia nyingi, ile ya wizi inamezwa haionekani. Ndio maana gari yako inatulia ukikimbia.

Zikibaki juu au zikapanda, hapo ni habari ya mafuta kutofika, pampu au filta, ama mita ya hewa imechafuka.

Chuma_Chakavu

Mzee wa Bisibisi upo sahihi kwa nusu. Mi nina Vitz ya injini hiyohiyo 2NZ, dalili hizi hizi, tukazunguka na hozi za upepo mpaka tukachoka, mwisho ilikuwa pampu ya mafuta. IST na Vitz filta ya mafuta ipo ndani ya tanki pamoja na pampu, watu hawaibadilishi kabisa maana hawaioni. Presha inatakiwa iwe kPa 304 mpaka 343, yangu ilikuwa inafika 220. Weka geji ya presha kwanza ndio uongee habari za upepo.

Mzee_wa_Bisibisi

Kaka hiyo presha yako ya 220 ingekuwa kwa mleta uzi asingepanda kilima cha Kimara na AC. Yeye anasema ikikimbia inatulia. Pampu mbovu inakukimbia pale unapoihitaji, kwenye mlima na kuovateki.

Chuma_Chakavu

Yangu ilikuwa inapanda mlima vizuri tu.

Mzee_wa_Bisibisi

Na trimu zilikuwa ngapi kwenye 2500?

Chuma_Chakavu

Hatukupima trimu. Tulipima presha, tukabadilisha pampu, gari ikapona. Mgonjwa akipona unataka nini tena

Dada_wa_Goba

😂😂 haya nyie wawili endeleeni, sisi wengine tunasoma. Kibaha ulizia kitu kimoja, ile taa inawaka tu imetulia au inawaka na kuzima? Yangu ilikuwa inablinki nikaendelea kuendesha wiki nzima, masega ya kusafisha moshi kwenye eksozi yakaungua. Ikiblinki maana yake injini inamisi vibaya na mafuta ambayo hayajaungua yanakwenda kuungulia kwenye masega. Iliyotulia unaweza kufika nalo nyumbani, inayoblinki punguza mwendo upaki utafute msaada.

Kibaha_Njia_Nne

Asante dada, imetulia haiblinki.

Mwana_wa_Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Wacheni niongeze jambo, hii hesabu ya Mzee wa Bisibisi ni ya gari yenye mita ya hewa. Mimi niko na Honda Fit ile ya kwanza, haina mita ya hewa, iko na sensa ya presha ndani ya manifoldi, yale mabomba yanayogawa hewa kwa silinda. Ukiwa na ufa kwa Fit, presha ya manifoldi inapanda, kompyuta inaona kumbe hewa imeongezeka inatia mafuta ya kutosha hiyo hewa. Kwa hivyo haikuwi sana na shida ya P0171, inakuwa na sailensi ya juu, RPM inakaa 1200 na inakataa kushuka. Yangu ilikuwa hozi ya busta ya breki imelegea kwenye klipu. Msije mkafukuza P0171 kwa kila gari mkidhani upepo unajionyesha kwa njia moja.

Mzee_wa_Bisibisi

Mwana wa Likoni umenena. IST ina mita ya hewa ipo pale kwenye boksi la filta, kwa hiyo yeye hesabu yake ni ile niliyotoa.

Spana_Namba12

Nyie mnazunguka sana. Chukua kopo la kabureta klina, injini inawaka, pulizia kwenye maungio yote ya manifoldi na hozi, RPM ikibadilika hapo ndipo. Dakika tano kazi imeisha.

Mangi_wa_Sakina

Spana12 hiyo nimeshaona inawaka moto kwa macho yangu hapa Arusha. Ile dawa ni mafuta yanayoshika moto, pembeni una manifoldi ya eksozi ya moto na koili zinarusha cheche. Kijana alipulizia juu ya injini iliyotoka safari moto ukaruka mpaka kwenye boneti, wakauzima kwa mchanga. Kama lazima fanya ikiwa ya baridi, pulizia kidogo kidogo, na uwe na mtu ameshika mtungi wa kuzimia moto. Halafu kwa huyu ndugu asubuhi ndio anavuja zaidi kwa hiyo injini baridi ndio muda wenyewe wa kupima, gasketi na mipira ikipata moto inatanuka inaziba yenyewe.

Spana_Namba12

Miaka yote nafanya hivyo sijawahi kuungua.

Fundi_Tabora_Reli

Wakuu, mimi ni fundi umeme wa magari. Wengi mmesema vizuri ila hakuna aliyetaja ufa wa eksozi. Kama kuna tundu kabla ya sensa ya oksijeni, eksozi haisukumi tu, inapiga mapigo, na katikati ya mapigo inavuta hewa ya nje. Sensa inaona oksijeni ambayo haikutoka kwenye silinda inapiga kelele hewa imezidi, kompyuta inaongeza mafuta na gari kwa kweli imeshashiba inakula mafuta vibaya. Kwenye sailensi inaonekana zaidi, ukikanyaga inapungua, yaani namba zinafanana kabisa na za upepo! Kwa hiyo ile pimo ya 2500 ya Mzee wa Bisibisi haitenganishi hivi viwili.

Kinachotenganisha ni plagi. Fungua plagi zote nne uzipange kwa namba. Zikiwa nyeupe ni kweli hewa imezidi. Zikiwa nyeusi zina masizi basi sensa inadanganywa. Na kwa kuwa umetoka kufunga sensa mpya, angalia kama alikaza vizuri, wengine wanakata nyuzi wanaacha inapumua.

Mzee_wa_Bisibisi

Fundi Tabora nimekubali kwenye plagi. Ufa wa eksozi lakini una sauti, asubuhi utasikia tik tik tik.

Fundi_Tabora_Reli

Sio wote. Kwenye gari la mtumba lenye kelele zake zote hizo tik tik utazisikia saa ngapi.

Mbeya_Uyole

Wale wenye geji ya vakyumu (inapima mvuto wa hewa ndani ya manifoldi) naomba niwakumbushe kitu. Vitabu vinasema injini nzima kwenye sailensi isome inchi 17 mpaka 22 za zebaki. Hiyo ni usawa wa bahari, Dar au Tanga. Kila ukipanda futi 1000 unapoteza kama inchi moja. Mbeya tupo karibu mita 1700, futi elfu tano na mia tano na kitu, kwa hiyo ukiona 14 au 15 huku gari ni nzima. Nimeona mtu anafungua injini akitafuta upepo wakati shida yake ilikuwa ni mlima tu. Kwa Kibaha, akisoma 14 Dar hiyo ni shida. Ila mnielewe, geji inaonyesha vakyumu ni ndogo, haisemi inapotelea wapi, hata taimingi ikichelewa vakyumu inashuka.

Dereva_Mkongwe

Mnasahau mafuta machafu. Huko njiani kuna watu wanachanganya petroli na mafuta ya taa. Ilitokea kwangu nikiwa njia ya Singida, gari ilianza kumisi na taa ikawaka, nikamaliza tanki nikajaza kituo kingine ikapona.

Mangi_wa_Sakina

Mafuta machafu yapo, ndio maana EWURA, mamlaka ya nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta 2010. Lakini mafuta machafu hayachagui asubuhi na foleni, yangemisi popote. Na kwa huyu shida inarudi tanki baada ya tanki.

Jirani_wa_Tegeta

Mi naomba msaada pembeni kidogo, nimenunua kile kidude cha bluutuu cha kusomea kodi, kwenye IST yangu kinakataa kuunganisha ila kwenye gari la shemeji la Ulaya kinashika. Ni feki?

Fundi_Tabora_Reli

Sio lazima kiwe feki, japo feki zimejaa. Marekani waliweka sheria ya OBD2 (mfumo mmoja wa kusoma kodi) kwa magari yote madogo tangu 1996, Ulaya petroli 2001. Hizi IST zetu zilitengenezwa kwa soko la Japani lenyewe, plagi ya chini ya usukani inafanana lakini lugha sio ile ile. Apu nyingine zina sehemu ya kuchagua Toyota JDM, yaani ya soko la Japani, jaribu hapo.

Ikishindikana njia ya zamani ipo. Kwenye ile plagi unganisha tundu namba 4 na 13 kwa waya mdogo, washa swichi bila kustati, taa ya chek injini itablinki kodi yenyewe. Inablinki 2, inatulia, inablinki 5, hiyo ni 25, hewa imezidi, ndugu yake P0171. Angalia tu usiguse namba 16 maana hiyo ni chaji ya betri moja kwa moja utaunguza kitu.

Dada_wa_Goba

Fundi Tabora hilo la 4 na 13 nimelisevu, asante.

Spana_Namba12

Mleta uzi yuko wapi. Au keshauza gari.

Kibaha_Njia_Nne

Nipo wakuu, nilikuwa gereji, sio ile ya mwanzo. Nimesoma zote, majibu ndiyo haya:

Trimu kwenye 2500 ilishuka ikawa +7. Kwenye sailensi ikabaki +22.

Plagi: namba 1, 2, 3 rangi ya kawaida imepaukapauka kidogo. Namba 4 ni nyeupe kabisa.

Tumepima busta ya breki, gari imezimwa, unapampu pedali mpaka inakuwa ngumu, unakanyaga unastati, pedali ikashuka kidogo. Fundi akasema busta nzima. Vali ya PCV (inayorudisha mvuke wa injini kwenye manifoldi) tumeichomoa tumeitingisha inalia kwa hiyo haijaganda. Kisha tukashika ule mpira mkubwa wenye mikunjo unaotoka kwenye boksi la filta kwenda kwenye throto, ukiutazama juu hauna kitu, tukaupinda, kwa chini ndani ya mkunjo una ufa mrefu wa kidole! Tumeuzungushia tepu kwa muda. Trimu ya sailensi imeshuka kutoka +22 mpaka +12. Imepungua lakini haijaisha.

Mzee_wa_Bisibisi

Haya sasa! Upepo. Ila +12 maana yake kuna mwingine. Na plagi namba 4 inakuonyesha pa kwenda. Ufa wa kwenye mpira upo kabla ya throto, hewa yake inagawanywa silinda zote nne, hauwezi kuipausha moja peke yake. Silinda moja ikiwa nyeupe peke yake ni gasketi ya manifoldi kwenye mlango wa silinda ile. Ukimuuliza mwenye Premio ya injini ya 1ZZ atakwambia, Toyota Marekani walitoa mpaka waraka kwa mafundi wao kuhusu gasketi ya manifoldi ya 1ZZ, ikipata baridi inasinyaa inavuta upepo inaleta P0171 asubuhi, wakatoa gasketi nyingine ya aina tofauti.

Chuma_Chakavu

Yake sio 1ZZ. Na silinda moja kuwa nyeupe inaweza kuwa nozeli ya namba 4 imeziba, haitoi mafuta ya kutosha. Hapo turudi kwenye upande wa mafuta nilikosema. Badilishana nozeli ya 4 na ya 2, endesha wiki, weupe ukihamia namba 2 ni nozeli, ukibaki 4 ni gasketi.

Fundi_Tabora_Reli

Chuma hilo jaribio ni zuri sana, ila abadilishe na oringi za nozeli anapozirudisha. Oringi ya chini ya nozeli ikikauka nayo inavuta upepo kwenye silinda ile ile moja. Akizirudisha na oringi za zamani anaweza akatengeneza upepo mpya juu ya ule wa kwanza, na hapo hatutajua kilichopo ni nini.

Mwana_wa_Likoni

Mbona mpira ulipasuka chini? Angalia injini mauntingi, ile mipira inayoshikilia injini. Injini ikiwa inaruka ukitia gia, huo mpira unavutwa kila siku kati ya boksi ambalo limefungwa kwa bodi na throto ambayo inaenda na injini. Ukiweka mpira mpya na mauntingi mbovu utapasuka tena. Halafu inaeleza ya foleni: ukiwa kwa D na AC, umekanyaga breki, injini inalala upande mmoja ufa unafunguka.

Kibaha_Njia_Nne

Mwana wa Likoni umenigusa, mauntingi ya upande wa gia ilishalalamikiwa na fundi wa kwanza.

Mangi_wa_Sakina

Kabla ya kununua chochote kingine tafuta gereji yenye mashine ya moshi. Dar zipo. Wanaziba njia ya hewa, wanasukuma moshi kwa presha ndogo kabisa, psi moja hivi, unapotokea moshi ndipo panapovuja, kama ni gasketi ya namba 4 utauona unachungulia hapohapo. Msikubali mtu asukume kwa upepo wa kompresa ya matairi, atapasua sili.

Mwana_wa_Likoni

Huku kuna fundi mmoja anatumia kijiti cha udi. Injini ikiwa inawaka anapitisha kile kijiti polepole karibu na maungio, moshi ukivutwa ndani ghafla anaweka alama kwa chaki. Inafanya kazi kwa upepo mkubwa. Usifanye karibu na hozi za mafuta.

Spana_Namba12

Kwa hiyo udi wenye moto ni salama kuliko kopo langu 😂

Mangi_wa_Sakina

Hakuna aliyesema ni salama. Ndio maana nimesema mashine ya moshi.

Kabwela_Mwanza

Mimi nimesoma toka juu. Kuna mtu aliniambia chomoa soketi ya mita ya hewa gari ikitulia basi mita ndio mbovu. Kwa nini hamjamwambia afanye hivyo? Mita chafu nayo inaleta P0171, hasa hawa wanaofunga filta za wazi zilizopakwa mafuta.

Fundi_Tabora_Reli

Ukichomoa mita ya hewa kompyuta inaacha kupima inatumia makisio yake, kwa hiyo gari yenye upepo nayo inaweza ikatulia ukadhani mita ni mbovu. Na itakuletea kodi mpya, P0102 pamoja na P0113 kwa sababu sensa ya joto la hewa imo humohumo kwenye mita, mtu ambaye hajui atakuja kununua na hiyo. Mita ikichafuka kwa kawaida inahesabu hewa pungufu hasa ukiwa unakimbia, trimu inapanda kwa kasi sio kwenye sailensi. Kuisafisha kwa dawa yake maalumu sio vibaya, lakini isiguswe kwa kitambaa wala brashi, ule waya ni mwembamba mno.

Mzee_wa_Bisibisi

Kibaha, mpira mpya kwanza na mauntingi, halafu trimu upya. Kama bado 12, moshi.

Chuma_Chakavu

Au nozeli.

Kibaha_Njia_Nne

Mpira nimeupata mtaa wa Gerezani hapa Dar, ni yuzidi lakini laini hauna ufa. Mauntingi mwisho wa mwezi. Nitabadilishana nozeli na oringi mpya kama alivyosema Fundi Tabora, Jumamosi. Ile sensa ya zamani iliyotolewa tukafunga ya laki na themanini nimeiweka, nikiirudisha kuna ubaya?

Fundi_Tabora_Reli

Irudishe tu ujaribu. Injini ya moto, pulizia klina ya kopo kwenye boksi la filta, kidogo sana na mbali na cheche. Kama ni sensa ya zile za volti 0.1 mpaka 0.9, irukie 0.8 au 0.9 haraka, ukitoa ishuke. Ikifanya hivyo ilikuwa nzima siku zote.

Premio_ya_Mama

Samahani kuvamia uzi. Mimi ndio mwenye Premio ya 1ZZ mnayoisema, asubuhi kuna sauti ya fyuuu kama sekunde thelathini hivi inaisha, taa haijawahi kuwaka. Hiyo gasketi nibadilishe au nisubiri taa?

Mzee_wa_Bisibisi

Premio, asubuhi kabla hujastati chomeka mashine, soma trimu dakika ya kwanza na dakika ya kumi, lete zote mbili hapa.

Chuma_Chakavu

Na presha ya mafuta.